Hasira Haiji Ghafla: Mwongozo Kamili wa Kuuzuia Ukali Kabla Haujamfikia Mtu

Hapa Uganda, kesi za ugomvi zinazopelekwa kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, huanza karibu zote na neno moja: "Alinichokoza." Jirani alimwaga maji machafu mlangoni, mke alijibu vibaya, mtoto alivunja kikombe, abiria alishuka bila kumalizia shilingi elfu moja. Lakini ukirudi nyuma saa sita au saba kabla ya ngumi, unakuta siku nzima iliyokuwa ikimwandaa mtu huyo kupigana. Kikombe kilikuwa cha mwisho tu kufika.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu anayejijua kwamba huwaka upesi na hataki tena kuwaka, awe Busia au Malaba kwenye malori, Arua, Bombo, Kisenyi au Nakivale. Utawafaa pia mwenyekiti wa steji ya boda, mzazi, na yeyote anayeishi au kufanya kazi na mtu mkali. Hatua zake zifuate kwa mpangilio, kwa sababu watu wengi hukimbilia ile ya kupumua na kuhesabu hadi kumi, kisha wakaona haisaidii kitu, kumbe kazi kubwa ilitakiwa ifanyike mchana.

Kabla ya kuendelea: kama wewe ndiye unayepigwa au kutishwa, hatua hizi si zako. Si kazi ya mke kupoza msongo wa mume ili asipigwe, wala ya mtoto kunyamaza ili baba asikasirike. Piga 116, namba ya bure ya Sauti inayopokea taarifa za ukatili dhidi ya watoto na ukatili wa kijinsia. Polisi wanapatikana kwa 999 au 112, na wana kitengo cha kulinda familia na watoto. Fika kwanza mahali salama, mengine yatafuata.

Hatua ya 1: Fuata njia ambayo siku hupitia hadi kuwa kofi

Tukisikia msongo wa mawazo tunafikiria mambo makubwa: msiba, kufukuzwa kazi, nyumba kuungua. Mwaka 1981 huko Marekani, Richard Lazarus na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima 100 kwa miezi kadhaa, wakilinganisha mikasa mikubwa na kero ndogondogo za kila siku, kama kupoteza vitu, bei kupanda, kelele, kazi zisizoisha. Kero ndogo ndizo zilizoeleza vizuri zaidi nani angesumbuka kiakili. Nadhani kila Mganda anaweza kuona sababu mojawapo. Ukifiwa, watu huja na rambirambi zao, hukesha nawe, huchanga. Ukinyeshewa mara tatu kwa siku moja huku mwenye nyumba akikupigia simu, hakuna anayekuja kukupa pole.

Mwilini mambo huenda hivi. Kila kero inapogusa, damu hupokea adrenalini, na kero zikifuatana bila mapumziko, homoni nyingine iitwayo kotisoli hubaki juu. Moyo huenda mbio, misuli hukaza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kukuambia "ngoja kwanza", hupungua nguvu, na ile ya ndani inayotambua hatari huwa nyepesi kushtuka. Kwa mtu aliyekutana na chui njiani, hilo ni msaada. Kwa mtu anayedaiwa, chui haondoki, na mwili unakesha ukimsubiri.

Mwaka 1939 kundi la wataalamu wa chuo cha Yale, wakiongozwa na John Dollard, lilidai kwamba ushari wote hutokana na mtu kuzuiwa asipate alichokuwa akikitafuta. Walizidisha. Mwaka 1989 Leonard Berkowitz alilirekebisha dai hilo: kuzuiwa ni chanzo kimoja tu, na chochote kinachomuumiza au kumkera mtu, iwe joto, njaa, jino linalouma au aibu, kinaweza kuamsha hasira ileile. Jambo la kuogopesha ni kwamba hasira hiyo si lazima imrudie aliyeisababisha.

Chukua dereva wa boda wa Busia, tumwite Baba Zaina. Pikipiki ni ya mkopo na kila Jumatatu lazima pesa iingie. Ameamka saa kumi na moja alfajiri, akatoka bila chai kwa sababu sukari imekwisha. Saa tatu askari wa barabarani amemsimamisha na kumweka juani nusu saa, akimwita "wewe kijana" mbele ya abiria wake. Baba Zaina ana miaka arobaini na miwili. Amejibu, "Samahani, afande," akarudia tena na tena mpaka akaachiwa. Mchana mvua imemfungia barazani mwa duka la mtu. Saa tisa mwenye mkopo amepiga simu, naye amesema, "Ndiyo, bosi, kesho bosi." Saa moja jioni anaingiza pikipiki uani na kumkuta Zaina, mtoto wa miaka sita, amemwaga mafuta ya kupikia yaliyobaki chupani. Kofi analompiga linamwangusha chini. Mama Zaina akisema, "Baba Zaina, ni mtoto huyo!" anageukiwa yeye.

Sasa tazama ni nani waliopona siku ile. Afande hakuguswa, wala mwenye mkopo. Hasira imewaruka wote wenye nguvu na kushuka kwa asiyeweza kurudisha. Wanyama nao hufanya hivyo: Robert Sapolsky, aliyewachunguza nyani wa Masai Mara kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, alieleza jinsi dume aliyeshindwa ugomvi anavyomgeukia dume mdogo, naye akamgeukia jike, naye akamgeukia mtoto. Kundi mojawapo lilipoteza madume yake makali zaidi katikati ya miaka ya 1980 kwa kifua kikuu walichokipata kwenye taka za kambi ya watalii. Kundi likatulia. Miaka kumi baadaye, madume wapya waliohamia kutoka makundi mengine walikuwa wamejifunza utulivu uleule. Kama nyani wanaweza kujifunza desturi nyingine, sioni kwa nini mtaa wetu ushindwe.

Na kuna jambo moja ninaloomba kila msomaji alishike. Mtu aliyevumilia matusi ya afande saa tatu asubuhi ana breki, na zinafanya kazi vizuri kabisa. Anazikanyaga anapomwogopa mtu, na anaziachia anapofika kwa wasiomtisha. Kwa hiyo akisema, "Sikuweza kujizuia," usimkubalie. Aliweza mchana kutwa. Kinachobaki ni kumfundisha kuzitumia jioni.

Hatua ya 2: Ijue hulka yako

Kwenye steji ya Baba Zaina kuna mwenzake mwenye deni kama lake na afande yuleyule, naye hufika nyumbani akiwa amechoka tu. Hapo ndipo hulka inapoingia.

Wanasaikolojia huipanga hulka ya mtu katika mafungu makuu matano, na kwa habari ya ushari mawili yana uzito zaidi. La kwanza ni upole kwa watu, yaani kuamini, kuhurumia, kukubali kupunguza chako ili mwende pamoja. Aliye chini katika hili huwaona wenzake kama washindani na huchukulia ukali kuwa njia ya kawaida ya kupata haki. La pili ni wepesi wa kuyumba moyo: wasiwasi, huzuni na kero humshika mtu haraka na huchelewa kumtoka. Ongeza hapo haraka ya kutenda kabla ya kufikiri, na una mtu ambaye jioni mbaya inamtosha.

Mwaka 2006 Ann Bettencourt na wenzake walikusanya tafiti 63 na kupata picha ambayo naiona ina maana kubwa kwa maisha yetu. Wapo watu ambao ushari ni tabia yao, na hao huwa wakali hata bila kuchokozwa. Lakini kwa wengine wengi, wenye haraka, wenye kuhesabu machungu ya zamani, wepesi wa kukasirika, wenye kujiona, ukali wao hutokea wanapochokozwa, na pasipo uchokozi hawatofautiani sana na watu wengine. Ukiwa wa kundi hili la pili, hulka yako inasubiri kitu cha kuigusa, na siku iliyojaa kero hufanya kila kitu kionekane uchokozi.

Kuhusu wenye kujiona, watu husema kwamba mgomvi ni mtu asiyejithamini. Majaribio ya Brad Bushman na Roy Baumeister ya mwaka 1998 yalionyesha vingine: waliojikweza ndio waliolipiza kwa nguvu zaidi walipotukanwa. Mwanaume anayetaka aonekane mkubwa kila mahali atapata watu wengi wa kumpunguza, na kila mmoja atakuwa adui.

Jiulize haya, na ukiweza mwombe mtu wa nyumbani akujibie pia:

- Nikikasirishwa na mtu mmoja, asiyehusika hupata sehemu yake?
- Neno baya la asubuhi nalala nalo hadi kesho?
- Watu wakicheka ninapopita, hudhani wananicheka mimi?
- Nimewahi kuvunja simu, sahani au mlango?
- Nikiingia nyumbani, maongezi hukatika?

Swali la mwisho lina uzito kuliko mengine yote. Watoto wanaonyamaza mlango unapofunguliwa wameshakupima wao.

Usijipime kwa kabila. Tumezoea kusema watu wa upande fulani wa nchi ni wakali kwa asili, na wapo wanaojivunia hilo kabisa. Huo ni udhuru wa watu waliolelewa kwenye fimbo. Katika kila kabila la Uganda yupo mtu ambaye hajawahi kuinua mkono juu ya mtoto wake.

Wala usiseme, "Ndivyo nilivyoumbwa." Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 207 za watu waliopata ushauri au tiba ya aina mbalimbali. Hulka zilibadilika, hasa ule wepesi wa kuyumba moyo, na mabadiliko yalionekana ndani ya miezi.

Kuna ukali mwingine, nao sipendi uchanganywe na huu. Ni ule wa baridi: mtu anapiga akiwa ametulia, ili mke asitoke bila ruhusa, ili mtoto aogope. Huyo hana haja ya kujifunza kupumua polepole. Tatizo lake ni imani kwamba anayo haki ya kupiga. Imani hiyo nayo hubadilika, na ushahidi upo hapahapa kwetu. Programu ya SASA!, iliyobuniwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ilijaribiwa Rubaga na Makindye kati ya mwaka 2007 na 2012. Wanaharakati wa mtaani walizungumza na majirani zao kuhusu nguvu ya mume na mke, vijiweni, sokoni, majumbani. Kipimo cha mwisho kilionyesha kwamba ukatili wa kimwili wa wapenzi dhidi ya wanawake ulikuwa chini kwa asilimia 52 kwenye mitaa hiyo kuliko kwenye mitaa ya kulinganisha. Baba Zaina, kama wengi wetu, ana hizi mbili zimechanganyika. Msongo ulimpa hasira, na imani ikamwonyesha nani wa kumpiga.

Hatua ya 3: Andika kwa wiki mbili

Nunua daftari la shule la kurasa 32, au tumia simu. Kila ulipokasirika, hata kama hukufanya lolote, andika saa, kilichotokea, mwili ulikuwaje, ulijiambia nini moyoni, ulifanya nini. Jipe na alama, 0 ukiwa mtulivu na 10 ukiwa tayari kupiga. Kwa mfano:

"Jumatano, saa moja usiku. Mtoto kamwaga mafuta. Sijala tangu mandazi ya asubuhi, kichwa kinauma. Nikasema moyoni: hawanihurumii kabisa hawa. 9. Nilimpiga."

"Alhamisi, saa nane mchana. Abiria kaniambia naendesha kama mlevi. Nimetoka kula posho na maharage. Nikasema: huyu ana haraka zake. 4. Nilicheka."

Asiyependa kuandika ajirekodi sauti, au amsimulie rafiki mmoja kila jioni. Baada ya wiki mbili soma yote kwa pamoja na utafute mambo matatu tu: saa inayojirudia, hali ya mwili inayojirudia, na sentensi inayojirudia. Kwa wengi saa ni ile ya kati ya kutoka kazini na chakula cha usiku. Hiyo sentensi ishike vizuri, tutaihitaji kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Punguza mzigo kabla ya jioni

Usingizi ndio wa kwanza. Zlatan Krizan na Garrett Hisler wa Marekani waliwapunguzia watu saa 2 hadi 4 za usingizi kwa usiku miwili, kisha wakawawekea kelele za kukera. Kwa kawaida mtu huanza kuzoea kelele kadiri muda unavyopita. Wale waliokosa usingizi hawakuzoea, hasira yao ilipanda. Dereva anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi anaingia barabarani akiwa hana uwezo wa kuzoea chochote. Kama lazima uamke alfajiri, tafuta nusu saa ya kujinyoosha mchana abiria wanapopungua.

Chakula nacho usikiahirishe ukidhani unaokoa pesa. Sahani ya posho na maharage saa saba mchana, au hata rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai), ni nafuu kuliko faini ya ugomvi. Maji vilevile, hasa wakati wa jua kali.

Deni lina dawa yake: lizungumzie kabla ya siku ya kulipa. Mtu akipigiwa simu na mdai anakuwa mtuhumiwa, lakini akipiga yeye anabaki kuwa mteja. Jumamosi piga simu useme, "Bosi, Jumatatu nitakuwa na nusu, Alhamisi namalizia." Mara nyingi utakubaliwa, na hata usipokubaliwa, Jumatatu haitakushtua. Mwambie na mwenzio wa nyumbani hali halisi ya pesa. Mke asiyejua kwamba mkopo haujalipwa ataomba pesa ya sukari bila kujua amegusa wapi.

Pombe naiwekea neno zito. Wengi hupita kwenye waragi au malwa kabla ya kwenda nyumbani wakisema wanapunguza mawazo. Claude Steele na Robert Josephs walieleza mwaka 1990 kwamba pombe hupunguza upana wa fikra: mlevi huona kilicho mbele yake tu, na hasahau kero, anasahau matokeo. Akiwa mbele ya rafiki anayechekesha, atacheka. Akiwa mbele ya mke anayeuliza pesa ziko wapi, ataona swali hilo peke yake duniani. Serikali ilipiga marufuku waragi wa pakiti ndogo mwaka 2019, lakini chupa zipo na bei yake si kubwa. Kama daftari lako linaonyesha pombe karibu na kila 8 na 9, anza hapo kabla ya hatua nyingine yoyote.

Hatua ya 5: Simama kabla ya kuingia

Chagua mahali kati ya kazi na nyumba, chini ya mwembe, kwenye baraza la msikiti au kanisa, hata pembeni ya barabara mita mia moja kabla ya kwako. Zima pikipiki. Weka simu mfukoni. Kaa dakika kumi.

Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, tumbo lijae. Iachie taratibu ukihesabu hadi sita au saba. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Rudia kwa dakika tano. Kisha legeza mabega, fungua ngumi, legeza taya. Waislamu wanalijua fundisho la Mtume kwamba mwenye hasira akiwa amesimama aketi, na isipomtoka alale. Ukitia udhu vilevile unakuwa umeupa mwili muda na maji baridi. Mkristo anayesali rozari polepole anapumua vivyo hivyo.

Usifuate ushauri wa "itoe hasira yote": kupiga mto, kupasua kuni kwa ghadhabu, kupiga kelele shambani. Mwaka 2002 Bushman aliwakasirisha wanafunzi 600 kwa makusudi. Wengine walipiga gunia la ndondi wakimfikiria aliyewaudhi, wengine walilipiga wakifikiria mazoezi, wengine walikaa kimya dakika mbili. Waliopiga huku wakimfikiria mtu ndio waliobaki na hasira na ukali mwingi zaidi, na waliokaa tu ndio waliotulia. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 zenye watu 10,189 na jibu likawa lilelile: kinachoshusha joto la mwili hupunguza hasira, kinachokupandisha hakipunguzi. Hata kukimbia kulionekana kuiongeza. Kimbia kwa ajili ya afya, ila hasira usiikimbilie kwa miguu.

Dakika hizo kumi zikiisha, sema kwa sauti: "Ya barabarani yameishia hapa. Ninaingia kwa watu wasionikosea." Watu huona haya mwanzoni. Siku ya tatu au ya nne hawaoni tena.

Hatua ya 6: Ichunguze ile sentensi

Rudi kwenye daftari. Kwa wanaume wengi niliozungumza nao sentensi ni "wananidharau". Kwa akina mama husikika zaidi "hakuna anayenisaidia". Kenneth Dodge ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba watoto wakali, wanaposukumwa na mwenzao bila kujulikana ni kwa bahati mbaya au kusudi, huamua haraka kwamba ni kusudi. Wakubwa tunafanya hivyo pia, na zaidi tukiwa tumechoka.

Sentensi ikija, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Nimeona nini kwa macho yangu? Kuna maelezo gani mengine mawili? Ningefikiri hivihivi kama ningekuwa nimelala na kula? Baba Zaina aliona mafuta sakafuni na chupa imelala. Maelezo mengine: mtoto alitaka kumsaidia mama kukaanga, au chupa ilikuwa ukingoni. Kwa kweli mtoto wa miaka sita hana mpango wa kumdharau mtu kwa mafuta ya kupikia.

Wakati mwingine jibu litakuwa ndiyo, amenidharau. Afande alimdharau kweli. Kulikubali jambo hilo kwa jina lake kunasaidia: "Nilidhalilishwa leo asubuhi na iliniuma." Aliyelitambua jeraha hilo hamlipizii tena mtoto.

Hatua ya 7: Kuwa na maneno tayari

Ukikasirika, maneno hupotea, kwa hiyo yaandae ukiwa mtulivu na uwaambie wa nyumbani yana maana gani. Mlangoni: "Mama Zaina, leo nimetoka vibaya. Nipe nusu saa nioge, kisha tuongee." Katikati ya ugomvi: "Naona napanda. Natoka nje, narudi saa mbili na nusu." Taja saa, na urudi saa hiyo. Anayetoka bila kusema atarudi lini amemwachia mwenzake hofu, na anayeondoka kila mara bila kurudi kwenye mazungumzo anatoroka tu.

Kama tayari umempiga mtu, omba radhi bila neno "lakini". Kwa mtoto, chuchumaa hadi usawa wa macho yake: "Mwanangu, nilikupiga. Kumwaga mafuta hakukustahili kipigo. Kosa ni langu." Usimwambie ulikuwa na mawazo mengi, atajifunza kwamba mawazo mengi huruhusu kupiga. Kwa mke, radhi haimlazimu kukubali wala kubaki. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inatambua ukatili wa mwili, wa kingono, wa kihisia na wa kiuchumi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2. Mahakimu wanaweza kutoa amri ya kumlinda anayetishwa. Ni haki yake kuitumia.

Kwa mwenyekiti wa steji na wengine wanaokaa karibu

Mtu anapopandwa na hasira mbele ya watu, umati ndio unaomshikilia pale, kwa sababu akirudi nyuma ataonekana mwoga. Ondoa umati kwanza. Usimwambie "tulia!" kwa sauti, wala usimshike mikono kutoka nyuma. Simama kando yake, si uso kwa uso, na sema chini: "Mzee, njoo mara moja, nina neno na wewe." Mpeleke kivulini, mpe maji, mketishe. Mwache aseme yote kwanza kabla ya kumwonyesha kosa. Aliyemkosea aongee na mtu mwingine, mahali pengine. Kusuluhisha kusubiri hadi kesho, baada ya wote wawili kulala.

Steji inaweza pia kujiwekea kanuni: anayefika akiwa hajalala anasema, na wenzake wanamwachia zamu fupi. Steji zenye SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya dharura ndogo, hata ya kukopeshana elfu ishirini siku ya mkopo, zimewaondolea watu wake kero kubwa kuliko mahubiri yoyote.

Hatua ya 8: Jua pa kwenda inapokuzidi

Tafuta msaada kama umeendelea kupiga baada ya miezi miwili ya kujaribu, kama hukumbuki ulichofanya, kama huwezi kulala kwa sababu ya mambo uliyoyaona vitani au safarini, kama umefikiria kumuua mtu au kujiua, au kama pombe imekushinda. Hali hizi zina tiba.

Si lazima ufike Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, Arua, Mbarara na Fort Portal, zina vitengo vya afya ya akili. Kwa walio kwenye makazi ya wakimbizi, uliza kituo cha afya au wafanyakazi wa kijamii kuhusu vikundi vya kujisaidia. Huko Rhino Camp wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini walishiriki jaribio la kozi ya Shirika la Afya Duniani ya kukabiliana na msongo, mikutano 5 kwa sauti zilizorekodiwa, ikiongozwa na watu wasio madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha waliopata kozi hiyo walipungukiwa na dhiki, na hasira pia, kuliko wasioipata. Hawa ni watu waliokimbia vita wakaacha kila kitu.

Ukifika kituoni usiseme tu "nina presha" au "kichwa kinauma", kwa sababu utarudi na panadol. Mpe muuguzi daftari lako na useme wazi: "Nakasirika hadi napiga watu, na nataka kuacha." Asipojua la kufanya, mwombe akuandikie rufaa ya kitengo cha afya ya akili, uondoke na karatasi hiyo mkononi.